Usimamizi wa Vipengele vya Eneokazi katika Kompyuta yenye Skrini Zaidi ya Moja: Suala la Ukingo na Umiliki

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna vipengele vya eneokazi, yaani upau kazi, upau wa menyu, aikoni, arifa na visanduku vya mazungumzo, vinavyosimamiwa pale kompyuta moja inapounganishwa na skrini mbili au zaidi. Hoja ya msingi ni kwamba ugumu wa skrini nyingi hautokani na ukubwa wa nafasi, bali unatokana na kubadilika kwa maana ya ukingo. Kiolesura cha eneokazi kilijengwa juu ya dhana ya skrini moja yenye kingo nne, na karibu kila kipengele chake kimeegemezwa kwenye mojawapo ya kingo hizo. Skrini ya pili inapoongezwa, kingo huongezeka, nyingine hugeuka kuwa mapito, na swali la mahali pa kuweka kila kipengele huzuka upya. Makala yanachambua masuluhisho matatu yaliyotumiwa na mifumo endeshi ya Windows, macOS na mazingira ya Linux kuanzia mwaka 1987, kisha yanapendekeza kwamba uamuzi kuhusu mahali pa kipengele uongozwe na swali la umiliki: kipengele hicho ni cha mashine, cha dirisha, cha mahali, au cha mtu anayetazama?

Istilahi muhimu: eneokazi, kiolesura, skrini kuu, ukingo, upau kazi, arifa

1.0 Utangulizi

Matumizi ya skrini mbili kwa kompyuta moja yamekuwa jambo la kawaida katika ofisi, maabara na vyumba vya kusomea. Mfasiri huweka matini chanzi upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Mtafiti hufungua jedwali la data katika skrini moja na sura anayoiandika katika nyingine. Mtaalamu wa radiolojia kwa kawaida husoma picha za wagonjwa katika jozi ya skrini zenye uangavu na uwazi wa hali ya juu, huku orodha ya wagonjwa na ripoti zikiwa katika skrini ya tatu ya kawaida. Hata mtahiniwa wa shahada ya uzamivu anayetetea tasnifu yake hutumia skrini mbili bila kuliwazia jambo hilo: kompyuta pakato iliyo mbele yake na projekta inayowaonesha watahini slaidi zake.

Katika mazingira hayo yote, mahali kipengele cha kiolesura kinapojitokeza si suala la mapambo. Kisanduku cha mazungumzo kinachosubiri jibu kikifunguka katika skrini ambayo mtumiaji haitazami, programu husimama bila kupokea amri nyingine. Mtumiaji huiona kana kwamba imekwama, huifunga kwa nguvu, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Arifa ya ujumbe binafsi ikijitokeza kwenye projekta, siri ya mtu husomwa na chumba kizima. Dirisha lililokumbukwa mahali pa skrini ambayo sasa haipo huwa wazi kwa mujibu wa kompyuta, lakini halionekani kwa macho ya mwanadamu.

Makosa ya namna hii mara nyingi huelezwa kuwa ni uzembe wa watengenezaji wa programu. Maelezo hayo hayatoshi. Yapo matatizo ambayo yamejirudia katika mifumo mbalimbali kwa zaidi ya miongo mitatu, na kurudia huko kunaashiria kwamba chanzo chake kimo katika msingi wa dhana yenyewe ya eneokazi. Makala haya yanalenga kuufichua msingi huo, kuonesha namna mifumo ilivyojaribu kuurekebisha, na kupendekeza kigezo kinachoweza kuwasaidia wasanifu na watathmini wa violesura.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi eneokazi imezoeleka kumaanisha uso wa msingi wa kiolesura ambao juu yake hukaa aikoni na madirisha. Istilahi hiyo inaleta utata mmoja unaopaswa kuondolewa mapema. Katika uundaji wa programu ipo dhana nyingine, ambayo ni sehemu ya skrini inayobaki baada ya kuondoa nafasi iliyochukuliwa na upau kazi na pau nyingine. Dhana hiyo ikifasiriwa neno kwa neno huwa eneo la kazi, na msomaji atashindwa kuitofautisha na eneokazi. Katika makala haya dhana hiyo ya pili inaitwa eneo huru. Tofauti ni ya msingi: eneokazi linaweza kuenea katika skrini zote, ilhali kila skrini ina eneo huru lake.

Skrini kuu ni ile iliyoteuliwa na mfumo au mtumiaji kuwa ya kwanza, na nyingine zote ni skrini za ziada. Kipengele chenye egemeo ni kile ambacho mahali pake hupangwa kwa kurejelea ukingo au pembe: upau kazi huegemea ukingo wa chini, upau wa menyu huegemea ukingo wa juu, na arifa huegemea pembe. Umiliki, kama unavyotumika hapa, ni uhusiano kati ya kipengele na kile kinachokihalalisha kuwapo, kiwe ni mashine, dirisha, mahali au mtu.

3.0 Eneokazi Kama Uwanja wa Namba

3.1 Majira ya nukta na namba hasi

Kwa kompyuta, eneokazi ni uwanja wa nukta ambapo kila nukta hutambuliwa kwa namba mbili: umbali wa mlalo na umbali wa wima. Katika skrini moja, hesabu huanzia pembe ya juu kushoto ambayo majira yake ni sifuri na sifuri, na namba huongezeka kuelekea kulia na chini. Macintosh II ya mwaka 1987, iliyokuwa na nafasi sita za kadi za upanuzi, iliruhusu kadi zaidi ya moja za video na kuziunganisha skrini zake kuwa uwanja mmoja. Mtumiaji alifungua paneli ya mipangilio, akapanga picha ndogo za skrini kama zilivyokaa mezani, kisha akauburuta upau mdogo wa menyu hadi kwenye picha ya skrini aliyotaka iwe kuu. Windows 98, iliyotolewa mwaka 1998, ilileta mpango unaofanana na huo kwa hadi skrini tisa.

Katika mpango wa Windows, pembe ya juu kushoto ya skrini kuu ndiyo inayobaki kuwa sifuri na sifuri. Matokeo yake ni kwamba skrini iliyowekwa kushoto kwa skrini kuu hupata namba hasi. Ikiwa skrini hizo mbili zina pikseli 1920 kwa 1080 kila moja, nukta za skrini ya kushoto huanzia −1920 na kuishia −1 kwa upande wa mlalo. Programu zilizoandikwa kwa kudhani kwamba hakuna nukta iliyo chini ya sifuri hukosea hapo. Mfano unaofahamika ni wa namna ya kusoma mahali pa kishale: namba −5 iliyohifadhiwa katika biti 16 ikisomwa kana kwamba haina alama ya hasi, hugeuka kuwa 65,531. Menyu iliyopaswa kufunguka chini ya kishale hutumwa mbali kulia, mahali pasipo na skrini yoyote. Nyaraka za Microsoft kwa watengenezaji wa programu zinaonya waziwazi dhidi ya usomaji huo, kwa sababu hiyohiyo ya skrini nyingi.

3.2 Uwanja usio mstatili

Tatizo la pili ni la umbo. Skrini moja ni mstatili, lakini muungano wa skrini mbili si lazima uwe mstatili. Tuchukulie skrini yenye pikseli 3840 kwa 2160 iliyopakana na nyingine yenye 1920 kwa 1080, kingo zao za juu zikiwa sawa. Mstatili unaozizunguka zote mbili una upana wa pikseli 5760 na kimo cha 2160, yaani jumla ya pikseli 12,441,600. Kati ya hizo, pikseli 2,073,600 zilizo chini ya skrini ndogo hazina kioo. Hivyo, moja ya sita ya uwanja ambao programu inaweza kuudhania ni wake ni eneo kipofu. Dirisha likiwekwa humo halionekani. Vilevile, programu inayoweka ujumbe wake katikati ya uwanja wote huishia, kwa skrini mbili zinazolingana, kuuweka ujumbe huo juu ya mpaka wa skrini, nusu huku na nusu kule.

Umbo hilo huathiri pia mwendo wa kishale. Kwa kuwa skrini kubwa katika mfano huu ina pikseli 2160 kwa wima na jirani yake ina 1080, nusu ya mpaka wao ni mlango na nusu iliyobaki ni ukuta. Mtumiaji anayesogeza kipanya kutoka sehemu ya chini ya skrini kubwa hugonga ukuta asiouona. Patrick Baudisch na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2004, walishughulikia tatizo hili kwa kuifanya kompyuta itambue nafasi halisi iliyopo kati ya skrini, ili mwendo wa kishale ulingane na mwendo wa mkono. Windows 11 nayo ina mpangilio unaorahisisha kishale kuvuka mahali ambapo kingo hazilingani.

3.3 Pikseli zisizolingana kwa ukubwa

Tatizo la tatu ni kwamba pikseli ya skrini moja si lazima ilingane na pikseli ya skrini nyingine. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina takriban pikseli 92 kwa kila inchi, ilhali ya inchi 27 yenye 3840 kwa 2160 ina takriban 163. Aikoni ya pikseli 48 itakuwa na upana wa karibu milimita 13 katika skrini ya kwanza, na milimita 7.5 tu katika ya pili. Mfumo hauna budi kukuza vipengele kwa kiwango tofauti kwa kila skrini. Windows ilianza kuwezesha jambo hilo katika toleo la 8.1 la mwaka 2013. Hata hivyo, dirisha lililokaa juu ya mpaka bado haliwezi kuwa na ukubwa sahihi pande zote mbili kwa wakati mmoja bila hatua za ziada.

4.0 Ukingo na Thamani Yake

4.1 Ukingo kama msaada wa mkono

Sababu ya vipengele vingi kuegemezwa kwenye kingo inaelezeka kwa kanuni iliyotolewa na mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts mwaka 1954. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, ugumu wa kufikia shabaha hutegemea uwiano wa umbali na upana wa shabaha, na hupimwa kwa biti kama logi, kwa kizio cha mbili, ya umbali mara mbili ukigawanywa kwa upana. Kitufe cha upana wa pikseli 40 kilicho umbali wa pikseli 1280 kina ugumu wa biti 6. Kitufe hichohicho kikiwa ukingoni, kishale hakiwezi kukipita. Mtumiaji anaweza kurusha mkono bila kujali mahali pa kusimama, na kwa hesabu ni kana kwamba kitufe kimepanuka. Tukichukulia kwamba upana wake wa kimatendo umekuwa pikseli 320, ugumu hushuka hadi biti 3.

Faida hiyo hutoweka pale skrini nyingine inapowekwa upande wa pili wa ukingo. Upau uliokuwa umeegemea ukuta sasa umeegemea mlango ulio wazi. Kishale kinachorushwa kuelekea kwenye kitufe hukipita na kuingia katika skrini jirani, na mtumiaji hulazimika kukirudisha. Watengenezaji wa Windows 8 walikabiliana na jambo hili kwa kuwa toleo hilo lilitegemea sana pembe za skrini: waliweka kizuizi kidogo kwenye pembe za mpaka ili kishale kikwame hapo badala ya kuteleza. Kizuizi hicho ni jaribio la kurudisha ukingo ambao skrini ya pili ilikuwa imeuondoa.

4.2 Ukingo kama kipimo cha nafasi

Mfano ulio bayana zaidi wa dhana ya skrini moja unapatikana katika mfumo wa X unaotumiwa na mazingira mengi ya Linux. Katika mfumo huo, upau hutangaza nafasi unayoihodhi kwa kutaja umbali kutoka kwenye kingo za uwanja mzima, wala si kutoka kwenye kingo za skrini mojawapo. Tuchukulie skrini mbili zenye upana wa pikseli 1920 kila moja, na upau wa wima wa pikseli 50 uliowekwa ukingo wa kulia wa skrini ya kushoto, yaani kwenye mpaka wa ndani. Ukingo wa kulia wa uwanja mzima uko mbali kwa pikseli 1920 zaidi. Hivyo, ili kuhodhi pikseli zake 50, upau huo hulazimika kutangaza pikseli 1970 kutoka kulia, na tangazo hilo linaimeza skrini yote ya pili. Kuwekea tangazo mipaka ya wima hakusaidii, kwa sababu skrini zote mbili zina kimo kilekile.

Hapa hakuna kosa la mtu aliyeandika programu ya upau. Lugha ya itifaki yenyewe haina sentensi ya kusema "ukingo wa skrini hii". Itifaki mpya zinazotumiwa na baadhi ya mazingira ya Wayland zimelirekebisha jambo hilo: upau hutaja kwanza skrini uliyopangiwa, kisha ukingo wa skrini hiyo, kisha upana unaouhodhi. Utaratibu wa maneno hayo matatu ndio unaobeba suluhisho. Skrini hutajwa kabla ya ukingo, kwa kuwa ukingo bila skrini yake hauna maana.

5.0 Masuluhisho Matatu na Gharama Zake

5.1 Kuteua skrini kuu

Suluhisho la kwanza ni kuteua skrini moja na kuiachia vipengele vyote vyenye egemeo. Hivi ndivyo Windows ilivyofanya hadi toleo la 7: upau kazi ulikuwa mmoja tu. GNOME 3, iliyotolewa mwaka 2011, ilifuata njia hiyo kwa upau wake wa juu, na kwa chaguo-msingi hata ubadilishaji wa maeneo ya kazi ulihusu skrini kuu peke yake, huku skrini ya ziada ikibaki kama ilivyo.

Faida ya njia hii ni uthabiti. Mtumiaji anajua saa iko wapi na hahitaji kuitafuta. Gharama yake ni umbali. Kwa kanuni ileile ya Fitts, kitufe cha pikseli 40 kilichosogea kutoka umbali wa 1280 hadi 2560 hupanda kutoka biti 6 hadi 7. Ongezeko hilo ni dogo likitazamwa peke yake. Gharama kubwa zaidi hutokea pale vitu visivyo vya skrini kuu vinapopelekwa huko: kisanduku kinachouliza kama waraka uhifadhiwe hufunguka katika skrini kuu, ilhali waraka wenyewe uko katika skrini ya pili ambako macho ya mtumiaji yapo.

5.2 Kurudufisha

Suluhisho la pili ni kukipa kila kioo nakala yake ya kipengele. Windows 8 ya mwaka 2012 iliruhusu upau kazi katika kila skrini, na ikampa mtumiaji machaguo matatu kuhusu vitufe vya madirisha: vioneshwe katika pau zote, vioneshwe katika upau mkuu na katika upau wa skrini ambamo dirisha limo, au vioneshwe tu pale dirisha lilipo. OS X Mavericks ya mwaka 2013 ilirudufisha upau wa menyu. Hatua hiyo ilikuwa marekebisho ya hali iliyojitokeza katika Lion ya mwaka 2011, ambapo programu moja ikijaza skrini nzima, skrini nyingine ilifunikwa na kitambaa cha kijivu na kukosa kazi.

Kurudufisha hupunguza umbali, lakini huzua swali jingine: nakala iwe na nini? Historia ya saa katika upau kazi wa Windows inaonesha kwamba swali hilo si rahisi. Saa iliongezwa katika pau za skrini za ziada kwa sasisho la Windows 10 la mwaka 2016, ikaondolewa Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, kisha ikarudishwa kwa sasisho la mwaka 2022. Aidha, kila skrini ikishapewa uhuru wake, muungano wa skrini hudhoofika. Katika macOS, skrini zinapokuwa na maeneo yaliyotengana, dirisha moja haliwezi tena kuenea juu ya skrini mbili kwa wakati mmoja. Mtumiaji anayetaka jedwali pana livuke mpaka hulazimika kuzima mpangilio huo na kupoteza upau wa menyu wa skrini ya pili.

5.3 Kumfuata mtumiaji

Suluhisho la tatu ni kukifanya kipengele kihame kuelekea pale mtumiaji alipo. Katika macOS, gati la programu huhamia skrini nyingine mtumiaji anaposukuma kishale hadi ukingo wa chini wa skrini hiyo. Wasimamizi wengi wa madirisha hufungua dirisha jipya katika skrini yenye kishale au yenye dirisha linalopokea maandishi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kompyuta haijui macho yalipo. Inajua kishale kilipo. Mara nyingi viwili hivyo hulingana, lakini si daima. Mtu anayesoma waraka katika skrini ya kushoto anaweza kuwa ameacha kishale katika skrini ya kulia kwa dakika kadhaa. Utafiti wa Jonathan Grudin uliochapishwa mwaka 2001 unatoa mwanga hapa. Grudin aliwachunguza watumiaji wa skrini nyingi na kubaini kwamba kwa kawaida hawaichukulii skrini ya pili kama upanuzi wa nafasi ileile. Huitumia kama chumba kingine: kazi kuu hubaki katika skrini moja, na vitu vya kutupiwa jicho mara kwa mara huwekwa katika nyingine. Mpaka wa skrini kwao ni ukuta wenye manufaa. Ikiwa ndivyo, kipengele kinachohamahama kinaweza kuvuruga mgawanyo ambao mtumiaji ameujenga kwa makusudi.

6.0 Skrini Inapoondolewa

Masuluhisho yaliyotajwa yanadhani kwamba idadi ya skrini haibadiliki. Hali halisi ni tofauti. Kompyuta pakato huchomolewa mezani na kupelekwa mkutanoni. Umeme unapokatika, kompyuta pakato huendelea kwa betri ilhali skrini ya nje huzimika. Katika miunganisho ya aina ya DisplayPort, hata skrini iliyolala tu inaweza kuonekana kwa mfumo kana kwamba imechomolewa.

Jambo hilo likitokea, mfumo hukusanya madirisha yote katika skrini iliyobaki. Skrini inaporudi, swali ni kama kila dirisha litarudi mahali pake. Mfumo uliohifadhi majira ya nukta peke yake hauwezi kujibu, kwa sababu namba −1500 haisemi ni skrini gani iliyokuwa ikirejelewa. Windows 11 imeongeza mipangilio miwili: kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na skrini zilizounganishwa, na kuyapunguza madirisha ya skrini iliyoondolewa badala ya kuyarundika katika iliyobaki. Msingi wa utatuzi huo ni utambulisho. Kila skrini ya kisasa huieleza kompyuta mtengenezaji wake, aina yake na, mara nyingi, namba yake ya pekee. Kumbukumbu iliyofungwa kwenye utambulisho huo hustahimili kuondoka na kurudi. Kumbukumbu iliyofungwa kwenye namba za uwanja hubadilika maana uwanja unapobadilika. Udhaifu unaosalia ni kwa skrini mbili za aina moja ambazo hazina namba za pekee, kwani mfumo huweza kuzibadilishana.

7.0 Mjadala: Kigezo cha Umiliki

Uchambuzi uliotangulia unaonesha kwamba hakuna suluhisho moja kati ya matatu linalofaa vipengele vyote. Sababu ni kwamba vipengele vya eneokazi si vya aina moja. Katika skrini moja tofauti zao zilifichika, kwa kuwa vyote vilikaa mahali pamoja. Skrini ya pili ndiyo inayozifichua. Makala haya yanapendekeza vigawanywe katika makundi manne kwa kigezo cha umiliki.

Kundi la kwanza ni vipengele vya mashine, kama saa, hali ya betri na hali ya mtandao. Thamani yake ni moja kwa kompyuta nzima. Kwa hiyo vinaweza kukaa skrini kuu au kurudufishwa bila madhara, kwa kuwa nakala haziwezi kupingana.

Kundi la pili ni vipengele vya dirisha, kama menyu zinazojitokeza, visanduku vya mazungumzo na maonyo ya programu. Hivi havina budi kulifuata dirisha vinakotoka, popote lilipo, na kubaki ndani ya eneo huru la skrini hiyo. Kuvipeleka skrini kuu ni kuvitenga na swali vinaloliuliza. Kwa mtaalamu wa radiolojia mwenye picha katika skrini mbili na orodha katika ya tatu, kisanduku cha uthibitisho kinapaswa kufunguka karibu na rekodi inayothibitishwa, ili asiwe na shaka ni ya mgonjwa yupi.

Kundi la tatu ni vipengele vya mahali, kama aikoni zilizopangwa na mtumiaji na picha ya usuli. Hivi ni mali ya skrini mahususi na vinapaswa kufungwa kwenye utambulisho wa skrini hiyo, wala si kwenye namba za uwanja.

Kundi la nne ni vipengele vya mtu, na mfano wake mkuu ni arifa. Arifa humfuata mtu, lakini swali lake si mtu yuko wapi tu, bali pia ni nani mwingine anayetazama. Windows na macOS zote zina mpangilio unaoweza kuzuia arifa pale skrini inaporudufishwa kwenye projekta. Hata hivyo, anayewasilisha kwa kutumia skrini iliyopanuliwa, akiwa na vidokezo vyake katika kompyuta na slaidi kwenye projekta, hayumo katika hali ya kurudufisha. Iwapo projekta ndiyo iliyoteuliwa kuwa skrini kuu, arifa zake zinaweza kuwafikia watahini kabla hazijamfikia yeye. Kwa kigezo cha umiliki, projekta ni skrini ya hadhira, na kipengele cha mtu hakipaswi kuwekwa humo bila idhini ya mwenyewe.

Kigezo hiki kinaeleza pia kwa nini upau kazi umezua mabishano mengi kuliko vipengele vingine. Upau kazi ni fungu la vitu vyenye wamiliki tofauti: saa ni ya mashine, vitufe vya madirisha ni vya dirisha, na arifa ni za mtu. Suluhisho lolote linalouhamisha au kuurudufisha upau mzima kama kitu kimoja litafaa sehemu moja na kuiumiza nyingine. Machaguo matatu ya Windows 8 yalilifungua fungu hilo kwa vitufe vya madirisha peke yake. Kuingia na kutoka kwa saa kati ya mwaka 2016 na 2022 kunaweza kusomwa kama fungu hilohilo likifunguliwa na kufungwa tena bila kigezo kilichotamkwa.

Pingamizi moja linastahili kuzingatiwa. Baadhi ya vipengele vina wamiliki wawili. Kidhibiti cha sauti ni cha mashine, lakini mtu anayetazama filamu katika skrini ya pili hukiona kuwa ni cha dirisha la filamu hiyo. Katika hali kama hizi kigezo cha umiliki hakitoi jibu la moja kwa moja, ila kinaonesha kwamba hapo ndipo mtumiaji anapopaswa kuachiwa chaguo. Pale ambapo mmiliki ni mmoja, chaguo la mtumiaji si lazima. Kinachohitajika ni usahihi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kiini cha ugumu wa skrini nyingi ni dhana ya skrini moja iliyofichwa katika majira ya nukta, katika umbo la uwanja na katika lugha ya itifaki. Yameonesha kwamba kuteua skrini kuu, kurudufisha na kumfuata mtumiaji ni njia halali kwa vipengele fulani na ni kosa kwa vingine, na kwamba umiliki ndio unaotenganisha hali hizo. Kwa msanifu wa kiolesura, pendekezo ni kuuliza kwanza kipengele ni cha nani kabla ya kuuliza kiwekwe ukingo upi. Kwa mtathmini, pendekezo ni kukijaribu kila kiolesura katika hali nne ambazo skrini moja haiwezi kuzifichua: skrini ya ziada ikiwa kushoto kwa skrini kuu, skrini zikiwa na vimo na pikseli visivyolingana, skrini ikichomolewa na kurudishwa wakati kazi inaendelea, na skrini moja ikiwa ya hadhira. Programu inayofaulu katika hali hizo nne imeacha kuichukulia skrini kuwa ni moja, na mtumiaji wake anaweza kuyaelekeza macho yake kwenye kazi badala ya kuyatumia kutafuta kisanduku kilichofunguka mahali asipotazama.